Hujauziwa kahawa feki, mkuu: ni njia ya kupika (na maji ya ziwa)

Mkuu, nimekuelewa hivi: umenunua unga wa kahawa aina ya arabika ya Kigoma, ukiuchuja nyumbani kwa karatasi unapata kahawa nyepesi yenye uchachu, halafu ukienda kijiweni Ujiji unakuta kahawa chungu, nzito, ya kukunja uso. Sasa unahisi aliyekuuzia kakupiga. Hajakupiga. Uchachu na uchungu vyote vimo kwenye buni ileile. Mpishi ndiye anayeamua kitoke kipi.

Maji yakikutana na unga, uchachu na harufu ya matunda hutangulia kutoka. Utamu unafuata. Uchungu na ukakasi vinakuja nyuma, na vinazidi kadiri unga ulivyo laini, maji yalivyo moto na muda ulivyo mrefu. Mchezo wote uko hapo.

Sasa mwangalie muuza kahawa wa kijiweni. Buni yake imekaangwa mpaka ikawa nyeusi tii, inang'aa mafuta, ikatwangwa kwenye kinu. Unga unatiwa kwenye maji pamoja na tangawizi, vinachemka pamoja, kisha birika linakaa juu ya makaa tangu alasiri mpaka watu watoke kuswali isha. Mashapo yametulia chini, lakini maji bado yanayakamua. Kunywa kikombe cha kwanza alasiri, kisha rudi usiku kwenye birika hilohilo: cha usiku kinashika ulimi zaidi, hata kama hajaongeza unga. Na kule kukaanga sana kulishaua uchachu kabla maji hayajawekwa jikoni. Ndiyo maana kashata inakwenda nayo vizuri.

Mimi siidharau hata kidogo. Bao na siasa havinogi kwa kahawa nyepesi. Ila kwa njia ile hutajua kama buni ilitoka Kalinzi huku kwetu Kigoma, Mbinga au Kagera, na hapo ndipo roho inaponiuma. Arabika yetu ya Kalinzi, Matyazo na Buhigwe inamenywa ganda, inachachushwa, inaoshwa ndipo inaanikwa, na kazi yote hiyo inalinda uchachu wake safi. Ukiichemsha kwa muda wa saa tatu umelipia kitu usichokinywa. Kwa birika la kijiweni robusta, ile aina nyingine ya kahawa, ya Kagera inatosha kabisa, tena ina kafeini nyingi zaidi.

Chujio la karatasi alilibuni mama mmoja wa Ujerumani, Melitta Bentz, mwaka 1908, kwa sababu alichoshwa na mashapo kwenye kikombe. Karatasi inazuia mashapo na sehemu kubwa ya mafuta ya kahawa, kwa hiyo kahawa inakuwa angavu na ladha zinajitenga. (Wenye lehemu, yaani kolesteroli, nyingi mwilini, karatasi ndiyo njia yenu, mafuta hayo ya kahawa ya kuchemsha yanaipandisha.) Wepesi unaoulalamikia nina hakika ni kipimo. Wengi wetu tunaweka kijiko kimoja cha chai, kana kwamba ni kahawa ya kopo ya kukoroga tu. Weka gramu 60 kwa lita, yaani kama vijiko vitatu vya chakula, flati, kwa kikombe cha mililita 250. Mwaga maji taratibu, yote yapite kwa dakika 3 hadi 4. Yakipita haraka mno, unga una chenga kubwa, saga laini zaidi. Usihangaike na kipimajoto: hapa mjini Kigoma tuko zaidi ya mita 700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Epua, subiri nusu dakika, anza kumwaga.

Kinachosahaulika sana ni maji yenyewe. Bomba letu la Kigoma na Ujiji linavuta Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa hili yana asili ya magadi, pH yake (kipimo cha uchachu na magadi, 7 ndiyo katikati) inakaribia 9. Magadi yanazima uchachu. Nimejaribu unga uleule, karatasi ileile, kwa maji ya bomba na kwa maji ya mvua. Ya bomba ilipooza, harufu nzuri lakini ulimini hamna kitu. Ya mvua ikawa kali upande wa pili, uchachu unatoboa na uzito mdomoni hamna. Nilipochanganya nusu kwa nusu, ndipo ule uchachu ulioiva, karibu na chungwa, ukatokea. Kijiweni hutaona tofauti hiyo, tangawizi na uchungu vinafunika kila kitu.

Njia nyingine kwa kifupi. Frenchi presi, lile birika la kioo lenye kibonyezo, haina karatasi, kwa hiyo mafuta yanabaki na kahawa inajaa mdomoni. Saga chenga, subiri dakika 4, bonyeza. Hiyo ndiyo ningempa mtu anayetoka kijiweni. Moka, kile kibirika cha Waitaliano cha mwaka 1933, inasukuma maji kwa mvuke na inatoa kahawa kali. Epua mara tu inapoanza kukoroma, ukiiacha inaungua. Espreso inataka mashine ya shinikizo la bar 9 na sekunde 25 hadi 30, na kwa bei ya mashine hizo mimi napita tu. Kwa joto la Septemba, loweka unga wa chenga kwenye maji baridi usiku kucha ndani ya friji, asubuhi chuja: uchungu hafifu, uchachu umelala, utamu umebaki.

Tahadhari moja: usichukue unga uliotwangwa wa kijiweni ukautia kwenye karatasi. Unaziba, maji yanasimama, na unaishia na kikombe cha uchungu mtupu. Nunua buni nzima iliyokaangwa rangi ya kahawia, isiyong'aa mafuta, muulize muuzaji imekaangwa lini, saga ya siku hiyo tu. Ukishajaribu lete mrejesho hapa, na useme umetumia maji ya wapi.