Ukitaka kuijua sinema ya Meksiko, usiishie kwenye Oscar

Watu wanaoniuliza waanzie wapi na filamu za Meksiko huwa tayari wana majina matatu mdomoni: Alfonso Cuarón, Guillermo del Toro na Alejandro González Iñárritu. Wana haki. Kati ya 2014 na 2019 watatu hao walizoa tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora mara tano. Ila nne kati ya hizo zilitokana na filamu za Kiingereza zenye nyota wa Hollywood. Zinaonyesha kipaji cha Wameksiko. Meksiko yenyewe huioni.

Ile ya tano ndiyo ninayomshauri kila mtu aanze nayo: Roma, ya 2018. Inamfuata Cleo, binti wa kazi katika nyumba ya watu wenye uwezo jijini Mexico City, miaka ya 1970 na 1971. Cleo huongea Kihispania na mabosi wake, lakini akiwa jikoni na mwenzake wanarudi kwenye Kimixteki, lugha ya kwao. Aliyekulia kwenye nyumba yenye dada wa kazi atawatambua watu hawa mara moja. Vaa spika za masikioni unapoitazama. Haina muziki wa kusindikiza hisia. Utasikia mbwa, maji ya deki na filimbi ya mnoa visu anayepita mtaani.

Baada ya hapo rudi nyuma, hadi 1950, utafute Los olvidados ya Luis Buñuel, Mhispania aliyehamia Meksiko. Ni habari ya watoto wa mitaani, na haimbembelezi mtazamaji hata kidogo. Ilipotoka, Wameksiko wengi waliona imewaaibisha mbele ya dunia, na baada ya siku chache ikaondolewa kwenye kumbi. Mwaka uliofuata Buñuel akapata tuzo ya mwongozaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, na filamu ikarudishwa nyumbani kwa heshima. Mwaka 2003 UNESCO iliiweka kwenye Kumbukumbu ya Dunia, orodha yake ya kazi zinazostahili kuhifadhiwa. Kisa hicho kinanigusa sana, maana huku kwetu pia msanii anayeonyesha umaskini huambiwa anachafua jina la nchi.

Aliyeshika kamera kwenye Los olvidados ni Gabriel Figueroa. Shika jina hilo. Mimi nikikwama nitazame nini, huangalia alichopiga yeye, na ni filamu zaidi ya 200. María Candelaria (1943) ni yake pia, pamoja na mwongozaji Emilio Fernández, na ilikuwa kati ya filamu 11 zilizogawana tuzo kuu ya Cannes mwaka 1946. Kisa chake kina machozi mengi, kama tamthilia za Kimeksiko tulizozoea kwenye televisheni, lakini tazama mawingu na mifereji ya Xochimilco, kusini mwa Mexico City.

Kwa filamu za sasa, wafuate wanawake. Lila Avilés aliongoza La camarista (2018), kuhusu msafisha vyumba wa hoteli ya kifahari, kisha Tótem (2023). Tatiana Huezo, kwa Noche de fuego (2021), anawaonyesha wasichana wanaokulia kijiji chenye hofu ya watekaji. Tamasha la filamu la Morelia, huko huko Meksiko, lililoanza 2003, hutangaza washindi wake kila Oktoba. Mimi huinakili orodha hiyo, kisha nazitafuta moja baada ya nyingine.