Gauni la Cleopatra

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Watoto wa shule yetu hapa Chumbageni wanaigiza habari za Cleopatra, malkia wa Misri ya kale, na mimi ndiye niliyepewa kushona. Mwalimu mmoja amenionyesha filamu ya Elizabeth Taylor, anataka vile vile, dhahabu tupu. Mwenzake anasema ile ni uongo, malkia alikuwa Mwafrika mweusi. Nishike la nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo ulilooneshwa ni gauni la mwaka 1963. Litazame kiunoni lilivyobana, kifua kilivyoinuliwa juu: ndivyo walivyopenda mabibi wa Marekani miaka ile. Mbunifu wake, Irene Sharaff, alimtengenezea Taylor mavazi 65, na mimi kama fundi namvulia kofia, ila Misri haimo. Ukimtazama Claudette Colbert, aliyemwigiza malkia huyo mwaka 1934, utaona nguo za kuteleza mwilini na nyusi zilizonyolewa zikabaki mstari. Kila kizazi humvika malkia nguo za dirishani mwake. Wanja, lakini, usiupunguze. Wamisri wa kale walipaka kwelikweli, wanaume kwa wanawake.

Kuhusu rangi, ukoo wa baba yake, akina Ptolemy, ulitoka Makedonia, upande wa Ugiriki. Mama yake hajulikani kwa hakika. Mwaka 2023 alipochezwa na Adele James, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kiafrika, mpaka serikali ya Misri ilitoa tamko. Mimi nashona nguo, ngozi sishoni. Nafasi hiyo mpeni mtoto anayejua kusema.

Nasema hivyo kwa sababu Plutarch, Mgiriki aliyeandika zaidi ya miaka mia moja baada ya malkia kufa mwaka 30 KK, anasema uzuri wake haukuwa wa kushangaza watu. Kilichowanasa ni mazungumzo na sauti. Alisema na mataifa mengi bila mkalimani, na katika ukoo wake ndiye wa kwanza kujifunza Kimisri. Kwenye sarafu zake ana pua iliyopinda na kidevu kilichochomoza. Sasa filamu ya saa nne inamwogesha na kumkanda mgongo, hizo lugha zimekwenda wapi?

Haya, gauni. Plutarch huyohuyo anasema mbele ya watu alivaa vazi la Isis, mungu wa kike wa Wamisri. Kwenye sanamu za Isis za zama hizo utaona fundo kifuani, katikati ya maziwa, kama mtu aliyefunga kanga. Tafuta kitani cheupe; kikikosekana, pamba ya shuka inafaa. Marinda membamba, uyapige pasi yangali na unyevu, kisha fundo ulishikize kwa uzi kwa ndani, maana watoto wakipanda jukwaani hawakawii kulifungua.