Wakikuuliza "uko na swali?" usiseme hapana

Intavyu yangu ya tatu hapa Nairobi ilikuwa Upper Hill, nilitoka Rongai saa kumi na moja asubuhi ndio jam isinishike, na nilijibu kila kitu poa kabisa mpaka mwisho, yule madam akafunga faili akaniuliza, "Haya, na wewe uko na swali lolote kwetu?" Nikasema hapana madam, niko sawa. Niliona kuuliza ni kujifanya, yaani mtu ametarmaki miezi saba halafu aanze kuhoji watu wanaotaka kumpa kazi? Kazi nilipata. Wiki ya pili ndio soja wa geti akaniambia mimi ni wa nne kukalia hiyo kiti ndani ya mwaka mmoja.

Tangu hapo swali langu la kwanza ni hili: aliyekuwa kwa hii nafasi kabla yangu alienda wapi? Uliza kwa upole, usiulize kama polisi. Kama alipandishwa cheo watakuambia haraka, hata watafurahi kukuambia. Kama nafasi ni mpya, uliza ni nini imefanya waifungue saa hii. Lakini wakianza kuangaliana, ama mmoja aseme vijana wa siku hizi hawapendi kazi, hapo fungua macho. Sisemi ukatae, najua kuna wakati rent imefika na landlodi hangoji, ila ingia ukijua na uendelee kutuma CV kwingine.

Halafu uliza, baada ya miezi mitatu mtajuaje kama nafanya kazi vizuri? Hapa ndio tageti hutoka mafichoni. Mtoto wa shangazi yangu aliuliza hivyo kwa intavyu ya mauzo kule Westlands ndio akajua mshahara wenyewe ni kidogo, ingine yote ni komisheni, na nauli na kredo ya kupigia wateja anajilipia. Hakuna mtu alikuwa amemdanganya, ni vile tu hakuna mtu alikuwa amemwambia.

Probesheni, ule muda wa kujaribiwa kazini, pia uliza ni muda gani. Sheria ya ajira ya 2007 inasema isizidi miezi sita, na wakitaka kuongeza lazima ukubali, na hata hiyo nyongeza isipite miezi sita ingine. Likizo ni siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, kwa hivyo ukiambiwa 14 usidhani ni utaratibu wa kampuni.

Pesa mimi huachia mwisho, ama intavyu ya pili, lakini wakitaja namba uliza hapo hapo kama ni gross, yaani kabla ya makato, ama ni ile inafika kwa akaunti. Tofauti ni kubwa: kuna PAYE, hiyo ni kodi ya mshahara, kuna NSSF ya uzeeni, kuna SHA ya matibabu asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, na hizi mbili hukatwa kwa gross. Nimeona watu wanahamia nyumba kubwa juu ya gross, payslipi ya kwanza inawaliza.

Na kama uko na supavaiza kwa hicho chumba, hili muulize yeye, usiulize HR: siku ya kawaida mnatoka saa ngapi? Ukiishi mbali hili si swali dogo, kutoka saa kumi na moja na kutoka saa mbili usiku ni maisha mawili tofauti, nauli inapanda na kutembea kutoka stejini na giza hiyo inakuwa hatari. Kwa intavyu yangu ya mwisho HR alijibu mbio, saa kumi na moja kamili, lakini supavaiza akaangalia meza. Nilimshukuru, nikauliza majibu yatatoka lini na nipigie nani, nikaenda zangu, na walipopiga nikawaambia nimeshachukua ingine.