Maswali na majibu: Kanisa linapokwenda kujenga mtaani Dar es Salaam

Kila masika yakiisha tunapokea barua za vikundi vya makanisa ya mikoani vinavyotaka kwenda Dar es Salaam kusaidia kujenga nyumba zilizoharibiwa na mafuriko. Tumechagua sita. Waliojibu ni mafundi ujenzi, muuguzi na afisa ustawi wa jamii walio kwenye jopo letu.

Bwana Yesu asifiwe. Vijana wetu 24 wamechangisha nauli na fedha za vifaa. Mwezi wa saba tunataka tukae Dar wiki mbili, tujenge nyumba tano bonde la Msimbazi kwa watu waliobomokewa. Tuanzie wapi?
*Katibu wa vijana, Iringa*

Amina. Mwezi mmezingatia vizuri, maana Juni hadi Septemba ndipo ardhi imekauka na zege halinyeshewi. Ila bondeni msijenge. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Zaidi ya hapo, bonde la Msimbazi liko ndani ya mradi mkubwa wa serikali, na wakazi wa sehemu hatarishi wamekuwa wakilipwa fidia ili waondoke. Tangu mafuriko ya Desemba 2011, baadhi ya watu wa bondeni walipohamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, msimamo wa serikali haujabadilika. Mkimjengea mtu ndani ya mpaka huo mtakuwa mmemjengea nyumba ya kuvunjwa, na fidia yake mnaweza kuivuruga.

Tafuteni kaya zilizo nje ya mpaka huo ambazo ukuta ulilowa ukaanguka, au zile zilizokwishahamia sehemu salama na hazina uwezo wa kupandisha nyumba. Miezi miwili kabla ya safari watu wawili waende. Waanzie ofisi ya serikali ya mtaa kwa mwenyekiti na mtendaji, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha idara ya ujenzi ya manispaa kuhusu kibali. Wasianzie kwa mchungaji mwenyeji peke yake. Mchungaji atawaonyesha waumini wake, na hilo halina ubaya, ila orodha ya waathirika iko kwa mtendaji.

Swali la pili kwa kila nyumba: ni ya nani? Mitaa hii imejaa wapangaji wa chumba kimoja kimoja. Mkijenga bila kuuliza, mwenye nyumba atapata kuta mpya za bure, na baada ya miezi mitatu atapandisha kodi, mpangaji mliyemwonea huruma aondoke. Kama nyumba ni ya kupangisha, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: mpangaji gani anarudi, kodi ipi, kwa muda gani. Mwenye nyumba asaini mbele ya mtendaji, na kila upande ubaki na nakala. Akikataa kusaini, nendeni nyumba nyingine. Huyo amekwisha kuwajibu.

Nyumba tano kwa wiki mbili haziwezekani, na sababu iko kwenye jibu linalofuata.

Nyumba ya vyumba viwili inataka vifaa kiasi gani, na vijana ambao hata mwiko hawajawahi kushika watafanya kazi gani?
*Mzee wa kanisa, Mbeya*

Tuchukue nyumba ya mita 6 kwa 3, vyumba viwili vya mita 3 kwa 3, milango miwili, madirisha mawili, paa la mteremko mmoja. Kuta zote, pamoja na ya katikati, ni mita 21. Tofali la inchi 6 lenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9 linakwenda 46 kwa kozi moja, yaani mstari mmoja wa kuzunguka kuta zote. Msingi wa kozi nne, kuta za kozi kumi na moja ambazo mojawapo ni lenta (mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha), toa milango na madirisha, ongeza pembe za juu zinazofuata mteremko: ni kama matofali 650. Agizeni 700, maana mengine yatavunjika njiani.

Saruji ya kujengea iwe mifuko 10. Kipimo ni mfuko mmoja kwa toroli tatu za mchanga zilizosawazishwa juu, si zilizorundikwa. Lenta ya kuzunguka nyumba nzima inakula mifuko 5 kwa kipimo cha saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, pamoja na nondo 8 za mm 12 zenye urefu wa mita 12, na ringi 105 za kushikilia nondo ukiziweka kila sentimeta 20. Msingi, jamvi (sakafu ya zege) na plasta vina hesabu yake. Mwachieni fundi aliyekiona kiwanja, kwa sababu udongo wa mfinyanzi na wa kichanga havidai kina kimoja.

Sasa vijana. Tofali moja lina kilo 30 hivi, kwa hiyo 700 ni tani 21. Lori litaishia barabarani, kwa sababu vichochoro vya uswahilini havipitishi hata bajaji vizuri. Tani hizo zote zinakwenda kwa toroli na kwa bega. Toroli likibeba manne ni safari 175, mbali na mchanga, kokoto na maji. Hiyo ndiyo kazi ya kujitolea, na ndiyo inayopunguza gharama kweli, maana mwathirika angelipa vibarua kwa kila tofali linaloingia ndani. Nunueni matairi ya toroli ya akiba. Yanapasuka siku ya kwanza, na kazi yote inasimama.

Matofali yajengwe na mafundi wawili wa mtaa huohuo, wanaolipwa. Kila fundi anataka saidia fundi wawili: mmoja wa udongo (saruji na mchanga vilivyochanganywa), mmoja wa matofali. Ndiyo kusema kwa nyumba moja ni vijana wanne kwenye ukuta, sita kwenye kubeba na wawili kwenye maji. Wengine wanakanyagana. Wakiwa 24, gawaneni nyumba mbili zilizo jirani, na ziwe mbili tu. Nyumba mbili zenye bati zina faida kuliko tano zilizoishia dirishani. Mtu hawezi kulala kwenye kozi ya sita.

Kinachochelewesha kazi ni saruji yenyewe, vijana hata wakiwa mia. Ukuta usipandishwe zaidi ya kozi sita kwa siku, la sivyo udongo mbichi wa chini unaminywa na ukuta unapinda. Msingi na jamvi vimwagwe na mafundi wiki mbili kabla hamjafika, vimwagiwe maji kila siku. Mkifika Jumatatu, kuta zinafika usawa wa lenta Jumanne jioni. Jumatano ni nondo na mbao za boksi la kumwagia zege, Alhamisi zege lenyewe. Hapo mafundi wanahamia nyumba ya pili, na lenta ya kwanza inamwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Wiki ya pili mnapandisha kozi za juu na kuezeka. Mbao zinazoshikilia lenta juu ya milango na madirisha zibaki siku 14. Kama mnaondoka kabla, fundi aachiwe fedha ya kurudi kuzitoa. Vikundi vingi huzing'oa siku ya sherehe ya kukabidhi ili nyumba ipendeze kwenye picha. Ufa unaotokea juu ya mlango mwezi unaofuata unatokana na hilo.

Kwenye paa kuna makosa mawili tunayoyaona kila mwaka. La kwanza ni kusahau kuacha mikanda ya chuma kwenye zege la lenta, mirefu ya kutosha kupita kozi za juu na kufungia mbao ya juu ya ukuta inayobeba paa. Bila mikanda hiyo paa limekaa kwa uzito wake tu, na upepo wa pwani utalinyanyua. La pili ni kupigilia msumari kwenye bonde la bati, mahali maji yanapopita. Msumari wenye mpira unapigwa kwenye mgongo. Bati liwe geji 28. Geji 30 ni jembamba zaidi ingawa namba ni kubwa, na hapo ndipo wanunuzi wageni huuziwa wakidhani wamepata lililo bora.

Tumepata muuza matofali anayetuuzia kwa bei chee sana. Tutajuaje kama ni mazima?
*Mweka hazina wa usharika, Singida*

Muulizeni swali moja: mfuko mmoja wa saruji unampa matofali mangapi? Tofali la inchi 6 lina ujazo wa lita 16 hivi, na mfuko wa kilo 50 una saruji lita 35. Akiwajibu 50, ina maana ametawanya lita 35 za saruji kwenye zaidi ya lita 750 za mchanga. Ukuta huo maji ya mafuriko yakiukalia siku mbili unarudi kuwa mchanga. Anayetoa 20 hivi anafuata kipimo cha moja kwa nane. Wengi mtaani wanatoa 30 na kitu, na hapo mnaangalia kwa macho na mikono.

Chukueni tofali katikati ya rundo, si lile analowapa mwenyewe. Likwaruzeni kwa msumari: likimomonyoka kama biskuti, achaneni nalo. Liachieni kutoka usawa wa kiuno lianguke kwa ubapa kwenye ardhi ngumu. Lililo zuri linaweza kumeguka kona lakini halisambaratiki. Angalieni pia kama yamefunikwa na yanamwagiwa maji. Tofali lililofyatuliwa juzi likaachwa juani limekauka, halijakomaa. Lisijengewe kabla ya siku 14.

Mchanga nao upimwe. Tia mchanga nusu ya chupa ya maji iliyo angavu, jaza maji, weka chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tope litakaa juu ya mchanga kama tabaka. Likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga wote, rudisheni lori. Mchanga wa ufukweni msiupokee hata bure. Chumvi yake inakula nondo ndani ya lenta, na plasta inatoa unga mweupe kila msimu wa mvua.

Nyumba mbili kati ya tulizopangiwa ni za Waislamu. Baadhi ya wapendwa wanauliza kama tunaruhusiwa kuhubiri wakati wa kazi.
*Kikundi cha akina mama, Moshi*

Nyumba ipatikane bila sharti, na mwenye nyumba alijue hilo kwa kuambiwa mapema mbele ya mjumbe. Ombeni asubuhi mahali mlipolala, kisha nendeni kazini. Nendeni msikitini pia kumsalimu imamu, tena siku ya kwanza: vijana wa msikiti watakuja kusaidia kubeba, na maji ya kisima cha msikiti mara nyingi ndiyo yaliyo karibu. Ijumaa mchana simamisheni kazi ya kelele. Chakula kipikwe na mama wa mtaani mnayemlipa, ili wote wale sufuria moja bila wasiwasi wa kilichochinjwa na nani. Akina mama wa Moshi wenye mikono ya kupika wasichukie; kwenye udongo wanahitajika pia.

Tuwaandae vipi vijana kiafya? Wengi hawajawahi kufanya kazi kwenye tope la mafuriko.
*Muuguzi, Njombe*

Tope la mafuriko la mjini lina vyoo ndani yake, lina vioo na misumari. Chanjo ya pepopunda iwe imekamilika kabla ya safari, si baada ya mtu kuchomwa. Mabuti ya mpira yafike chini ya goti. Kandambili marufuku, na glavu za mpira zivaliwe ndani ya za kazi. Mwenye kidonda asiingie kwenye maji. Homa ya mgunda, iliyozuka Lindi mwaka 2022, inaenezwa na mkojo wa panya na hupenya kwenye ngozi iliyochubuka. Kwa hiyo kijana akipata homa na maumivu ya misuli ndani ya wiki mbili au tatu baada ya safari, mwambieni daktari alikuwa kwenye tope, asiishie kupima malaria tu.

Kwa watu wa Njombe malaria yenyewe ni jambo la kutilia mkazo, maana wametoka kwenye baridi na miili yao haijaizoea. Chandarua kwa kila mmoja. Mbu wa dengue, iliyosumbua Dar mwaka 2014 na 2019, huuma mchana, kwa hiyo mikono mirefu hata kama kuna joto.

Kabla ya klorini, tope litolewe kwa koleo, sakafu isuguliwe kwa sabuni na maji. Klorini ikimwagwa juu ya tope inaishia kwenye tope. Na isichanganywe kamwe na tindikali ya kusafishia choo: gesi inayotoka ni sumu, na ndani ya chumba cha mita tatu hakuna pa kukimbilia.

Fedha zikibaki, tuongeze chumba cha tatu au choo?
*Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Tabora*

Choo. Mtaa wenye maji yaliyo karibu na uso wa ardhi shimo refu halifai, linajaa maji kutoka chini na mvua ikinyesha watu wanalitapisha uchochoroni. Jengeni tangi la tofali lililoinuliwa, plasta ndani, sakafu ya choo iwe walau sentimeta 60 juu ya ardhi, au juu ya alama ya maji iliyobaki kwenye kuta za majirani kama iko juu zaidi. Wekeni mfuniko wa zege unaofunguka upande wa njia, ili mpira wa gari la kunyonya ufike. Pimeni kwanza umbali kutoka barabarani hadi hapo, kisha waulizeni wenye magari mpira wao una mita ngapi.