Ripoti ya kaka inasema "GNAS R201C", je na sisi wengine tumo?

SWALI: Shikamoo dokta. Kaka yangu ana miaka 46, kagundulika ana akromegali (homoni ya ukuaji imezidi mwilini), wakamtoa uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo, kwa kupitia puani. Uvimbe ulipimwa maabara na majibu yameandikwa "GNAS R201C imeonekana". Nimegugo nikaona hiyo ni jeni. Mimi nina watoto wawili na silali, je tupime familia nzima?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Lala tu. Hiyo kitu hamjarithi na watoto wako hawatairithi.

Kinachowachanganya watu wengi ni hili neno jeni, mtu akilisikia anawaza ukoo, babu na wajukuu, lakini jeni inaweza kuharibika ukubwani ndani ya seli moja tu, ile seli ikagawanyika ikazaa uvimbe, na mwili mzima uliobaki uko salama. Angalia ripoti yenu, kilichopimwa ni nini? Ni nyama ya uvimbe, siyo damu. Hapo ndo jibu lilipo.

Sasa GNAS yenyewe inatengeneza protini ambayo kazi yake ni kupokea amri kutoka nje ya seli, inawaka, inapeleka ujumbe ndani (ujumbe wenyewe unaitwa cAMP), halafu inajizima yenyewe. Ile namba 201 ni sehemu inayosaidia kujizima, pale panatakiwa pawe na arjinini, kwa kaka yako pamekaa sisteini (zote mbili ni asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini), basi protini ikishawaka haizimiki na seli inaamini inaambiwa usiku na mchana imwage homoni ya ukuaji na izaliane. Hitilafu za GNAS kama hii tunaziona kwenye karibu asilimia 40 ya uvimbe wa homoni ya ukuaji, yaani ni za kawaida kabisa. Na hii ya kaka yako hairithiwi kwa sababu mimba ambayo kila seli yake inayo inaaminika haiwezi kuishi. Wapo watoto wanaoipata mapema tumboni kwenye baadhi ya seli tu, wanakuwa na madoa ya kahawia kwenye ngozi na mifupa dhaifu, ule ni ugonjwa wa McCune-Albright, na hata wao hawaupitishi kwa watoto wao.

Uvimbe wa homoni nyingine una hitilafu zake za ukubwani: jeni ya USP8 kwa baadhi ya wenye ugonjwa wa Cushing (homoni ya kotisoli imezidi), jeni ya SF3B1 kwa baadhi ya wenye prolaktini nyingi (homoni ya maziwa). Hadithi ni ileile.

Ningekuwa na wasiwasi kama kaka yako angekuwa na miaka 19, uvimbe mkubwa, anarefuka tu haachi, au kama kuna ndugu mwingine mwenye tatizo la pituitari. Hapo tunapima damu kutafuta AIP, jeni iliyogunduliwa mwaka 2006 kwa familia za Finland. Charles Byrne, yule jitu wa Ireland aliyefariki London mwaka 1783 akiwa na miaka 22, DNA ya meno yake ilipimwa ikakutwa na hitilafu ya AIP, na ni ileile waliyonayo familia kadhaa za Ireland ya Kaskazini mpaka leo! Ila hata kwa AIP, mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi, na wengi wanaoirithi hawaugui kabisa, wanaougua ni kama mmoja kati ya watano hivi.

Nyingine ya kurithi ni MEN1, hitilafu inayoleta uvimbe kwenye tezi kadhaa, hii ina tabia ya kuja na kalsiamu kuwa juu na mawe kwenye figo, kwa hiyo kaka akienda kliniki mwulize kama kalsiamu yake imepimwa, ni kipimo kidogo tu cha damu. Na mtoto mdogo anayerefuka kupita kiasi kabla hajafika miaka mitano tunamwaza X-LAG, pale jeni ya GPR101 imejirudia kwenye kromosomu X, lakini ni nadra sana.

Kwa hiyo hamna haja ya kupima jeni familia nzima, mtalipa hela bure. Wewe ukiona pete haivuki tena kiungo cha kidole, namba ya kiatu inapanda na umri umeenda, meno ya mbele yanaachana, kapime IGF-1, kipimo cha damu kinachoonyesha kama homoni ya ukuaji imezidi. Wanao waache wacheze.