Kabla Hujavaa Kijani, Loweka Nyama

Kwetu Tanga mkwe hupishwa njia. Huku Boston nilikooa, mama mkwe huingia jikoni akafunua sufuria.

Alifunua yangu Machi 17, Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, siku Waairishi wanapovaa kijani, mwaka wangu wa kwanza katika ukoo huu wa Kiairishi. Nilikuwa nimejitia kimbelembele kupika kidari cha ng'ombe kilicholazwa kwenye maji ya chumvi (corned beef, lakini si ile ya kopo). Nilikitia sufuriani kama kilivyotoka kwenye pakiti, kabichi na viazi humo humo. Saa tatu baadaye kabichi ilikuwa uji, na supu ungedhani nimeichota baharini Raskazone. Mama alikula vipande viwili, akaomba maji.

Basi wewe uliyeoa au kuolewa huku, nyama ioshe, iloweke usiku kucha, maji yale umwage. Ichemshe taratibu kwa saa tatu hivi. Viazi na karoti vingoje nusu saa ya mwisho, kabichi dakika 15. Ukikata, kata kukingama na nyuzi, la sivyo wageni watatafuna mpaka Pasaka.

Na usimwambie mtu wa Dublin kwamba hicho ndicho chakula cha kwao. Ireland ya kale mnyonge alikula nguruwe akipata. Ng'ombe alikuwa wa maziwa. Ugonjwa wa viazi ukaleta njaa ya 1845 hadi 1852: watu wapatao milioni moja walikufa, wengine zaidi ya milioni wakavuka bahari. New York wakakuta kidari cha chumvi kwa wauza nyama wa Kiyahudi, kwa bei wanayoimudu. Mimi nisiyekula nguruwe, hapo nilipona.

Ndiyo maana nashauri uwaulize wazee habari za chakula, achana na kofia za kijani. Swali moja la viazi lilinifikisha mpaka Halloween, sikukuu ya Oktoba 31: kumbe kule walichonga taa kwa tanipu (mboga ya mzizi), maboga wameyakuta Marekani. Tena ukifupisha jina la Sikukuu ya Patrick, sema Paddy, kutokana na Pádraig, yaani Patrick kwa Kiairishi. Ukisema Patty watakununia.

Mwaka wa pili nililoweka. Mama mkwe hakusifu hata kidogo, ila mabaki yote aliyafungasha akaondoka nayo.