Yuki si lazima iwe theluji

Dada, umeuliza kama ni kweli Yuki maana yake theluji, kwa kuwa wakwe zako wa Japani wamelipendekeza kwa mwanao. Inategemea linavyoandikwa. 雪 ni theluji, ndiyo. Lakini 幸 ni heri, na 有希 ni "kuwa na" ikifuatwa na "tumaini". Matamshi ni yale yale. Hilo la tatu linanigusa sana. Waombe wakuandikie kwa mkono, uone wamekusudia lipi. Tena sikiliza vizuri: ukiivuta "u", Yūki, hilo ni jina jingine, mara nyingi la wavulana. Na herufi za kanji, yaani zile zenye maana kama 雪, lazima ziwe kwenye orodha ya serikali, la sivyo msajili atazikataa. Hiragana, yaani herufi za sauti tu (ゆき), nayo inaruhusiwa, ila haifungi maana moja.